Mtakatifu Martin de Porres na Nyumba ya Juana



Mvua za masika zimeanza kunyesha Korogwe na Handeni. Mahindi yamechipua, njia za vijijini zimejaa tope, na mbwa wasio na mwenyewe wanajikunyata chini ya vibanda vya wauza machungwa wakingoja mvua ikatike. Mwaka jana, msimu kama huu, sisi mafrateri wanne tulikuwa kwenye utume wa kichungaji katika kigango kimoja upande wa Handeni. Asubuhi moja tukielekea kuwatembelea wagonjwa tulikuta kiroba kimefungwa kamba na kutupwa kando ya njia. Ndani mlikuwa na watoto watano wa mbwa. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Watatu tuliwabeba hadi nyumbani kwa katekista.

Jumapili, baada ya ibada, mmoja wetu alilitaja jambo hilo katika matangazo na kuuliza nani angeweza kuwachukua. Tulipotoka nje, mama mmoja mzee alikuwa akitusubiri chini ya mwembe. Kwa upole kabisa alituuliza kama ni haki kuwaombea mbwa maziwa katika kigango ambacho watoto wake wanakwenda shule bila uji. Tulibaki kimya. Falsafa tuliyosoma hadi siku ile haikutupatia la kumjibu bibi yule.

Tuliporudi seminarini tulianza kusoma maisha ya mtakatifu ambaye sanamu yake wengi wenu mmeiona: mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe na joho jeusi la Wadominiko, ameshika ufagio, na miguuni pake wapo mbwa, paka na panya. Huyo ni Martin de Porres. Tunawasimulia maisha yake hapa kwa sababu tunaamini kwamba jibu la swali la bibi limo ndani yake.

Mtoto ambaye baba yake hakuandikwa

Martin alizaliwa mjini Lima, nchini Peru, tarehe 9 Desemba 1579. Sisi Watanzania hatuwezi kuisahau tarehe hiyo, maana Tanganyika ilipata uhuru tarehe kama hiyo mwaka 1961. Mama yake, Ana Velázquez, alikuwa mwanamke mweusi aliyetoka utumwani na kupata uhuru wake. Baba yake, Juan de Porres, alikuwa Mhispania wa ukoo wa kiungwana. Hawakuwa wamefunga ndoa. Martin alipobatizwa katika kanisa la Mtakatifu Sebastiani, kitabu cha ubatizo kiliandikwa kwamba baba wa mtoto hajulikani. Miaka saba baadaye, katika kanisa hilohilo, alibatizwa msichana ambaye leo tunamwita Mtakatifu Rosa wa Lima.

Martin alichukua rangi ya mama yake, na jambo hilo halikumpendeza baba. Baadaye alizaliwa dada yake, Juana. Mama Ana aliwalea wote wawili katika umaskini. Baba alikuja kuwatambua watoto wake na kuwachukua kwa muda hadi Guayaquil, mji ambao leo uko Ecuador. Lakini alipopewa kazi huko Panama, Martin alirudi Lima kwa mama yake.

Alipofika miaka 12 alipelekwa kujifunza kazi kwa kinyozi. Kinyozi wa zama zile alifanya mengi zaidi ya kunyoa. Alifunga vidonda, aliunga mifupa, alipasua majipu na kuandaa dawa za mitishamba. Kwa watu wengi wa kawaida yeye ndiye aliyekuwa daktari. Martin alijifunza haraka, na sehemu kubwa ya anachokipata aliwapa maskini. Angeweza kuishi vizuri kwa kazi ile, akawa na duka lake na heshima yake.

Mwenye ufagio

Mwaka 1594, akiwa na miaka 15, alibisha hodi kwenye konventi ya Wadominiko ya Rozari Takatifu mjini Lima. Sheria za wakati ule hazikuwaruhusu watu weusi, Wahindi wa Amerika wala machotara kuwa watawa kamili. Martin aliomba kupokewa kama mtumishi wa kujitolea tu, anayeishi na watawa na kufanya kazi zao pasipo kuweka nadhiri. Akapewa ufagio. Alifagia, alifua, alisaidia jikoni, aliwanyoa ndugu zake nywele na kuwahudumia wagonjwa.

Sisi tulioko malezini tunapasoma hapa taratibu. Mara nyingi tunanung'unika zamu ya kuosha vyombo ikitufikia mara mbili kwa wiki. Martin alifanya kazi hizo miaka tisa bila ahadi yoyote kwamba siku moja angepandishwa. Masimulizi yanasema nyumba ilipoelemewa na madeni, yeye alijitolea auzwe kama mtumwa ili deni lilipwe. Mkuu wake hakukubali.

Katika konventi hiyo wapo waliomdharau. Inasimuliwa kwamba mtawa mgonjwa aliyekuwa akimhudumia alimtukana kwa kumwita mbwa chotara. Martin hakurudisha neno, akaendelea kumhudumia kama kawaida. Tunawaomba msilisahau tukio hilo tunapokaribia habari za wanyama. Mtu aliyewahonga mbwa mapenzi yake alikuwa ameitwa mbwa yeye mwenyewe. Alijua jinsi inavyokuwa kuhesabiwa kiumbe asiyestahili kutazamwa.

Mwaka 1603, akiwa na miaka 24, sheria ililegezwa kwa ajili yake, akaweka nadhiri kama bruda wa Shirika la Wahubiri. Alikabidhiwa chumba cha wagonjwa, na huko ndiko alikofanya kazi hadi uzee wake.

Nyumba ya Juana

Wagonjwa wa konventi hawakumtosha. Alitoka kwenda mitaani, akawaingia watumwa waliokuwa wameshushwa kutoka melini, maskini wa Kihispania waliokuwa wakiona aibu kuomba, Wahindi wa Amerika waliokuwa hawana mtu. Masimulizi yanataja watu wapatao 160 waliopata chakula kwa mkono wake kila siku. Alikusanya fedha kwa matajiri, na alisaidia kuanzisha makazi ya kulelea yatima na watoto waliotupwa.

Ulipotokea ugonjwa wa kuambukiza mjini, Martin alianza kuwaleta wagonjwa wa nje ndani ya konventi. Mkuu wake alihofia maambukizi, akamkataza. Hapo ndipo Juana anapoingia katika habari hii. Dada yake huyo, aliyekuwa mtu wa ndoa na familia yake, alikubali nyumba yake ipokee wale ambao konventi haikuweza kuwapokea. Lakini siku moja Martin alikuta barabarani mtu aliyechomwa kisu anavuja damu. Akamwingiza chumbani kwake na kumlaza kitandani kwake hadi apate nafuu ya kuhamishwa. Mkuu alipomkemea kwa kuvunja amri, Martin aliomba radhi, akaomba pia afundishwe, kwani hakuwa amejua kwamba amri ya utii inapita amri ya mapendo. Mkuu alitafakari, na tangu hapo akamwachia uhuru wa kuhurumia.

Nyumba hiyohiyo ya Juana ndiyo iliyokuja kupokea pia mbwa na paka. Martin aliwaokota wakiwa wamevunjika miguu, wana vidonda, wana ukurutu, wameachwa. Aliwasafisha na kuwafunga vidonda kwa ujuzi uleule wa kinyozi aliowahudumia nao watu. Konventi haikuwa mahali pa kufuga mbwa wagonjwa, na Martin hakushindana na wakuu wake juu ya hilo. Alitafuta mahali panapofaa, akampata mtu aliyekubali. Leo tungeiita nyumba ile makazi ya wanyama. Ilikuwa nyumba ya familia ya kawaida yenye mlango uliofunguliwa.

Panya wa sakristia na mbwa mzee

Kuna masimulizi mawili ambayo kila anayeandika juu ya Martin huyataja.

La kwanza ni la panya. Panya walikuwa wanatafuna mashuka ya wagonjwa na mavazi ya ibada, na ndugu wakaamua kuweka sumu. Inasemekana Martin alimshika panya mmoja, akazungumza naye kwa upole, akamwagiza awaongoze wenzake wote watoke ndani na kwenda bustanini. Naye akaahidi kuwapelekea chakula huko kila siku. Panya walitoka, na Martin akatimiza ahadi yake.

La pili ni la mbwa. Mtawa mmoja aliyeshughulikia manunuzi ya konventi alikuwa na mbwa aliyemtumikia miaka mingi. Mbwa alipozeeka na kuanza kunuka, mtawa aliagiza auawe. Martin alihuzunika sana, akamwendea ndugu yake na kumweleza wazi kwamba hayo ni malipo mabaya kwa utumishi wa maisha yote. Wasimulizi wanaendelea kusema kwamba alimchukua yule mbwa chumbani kwake, akasali, na asubuhi mbwa akaonekana akiwa hai.

Sisi tunaosoma falsafa tumezoezwa kuuliza. Je, panya anaweza kuelewa agizo? Kanisa halitulazimishi kuamini kila simulizi la watakatifu kama linavyosimuliwa. Lakini watu waliomfahamu Martin, walipoulizwa habari zake baada ya kifo chake, walikuwa na picha hiyo kichwani: mtu aliyefikiria hata panya watakula nini wakishaondolewa. Hakuwaacha waharibu nguo za wagonjwa. Aliwaondoa, kisha akajitwika gharama ya kuwaondoa.

Swali la bibi

Turudi sasa chini ya mwembe. Bibi alituuliza kuhusu haki. Swali lake ni zito na Kanisa halilikwepi. Katekisimu inafundisha kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu na tunapaswa kuwatendea kwa wema, na kwamba kuwatesa bila sababu ni kinyume cha heshima ya binadamu. Hapohapo inafundisha kwamba haifai kuwatumia wao fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza mateso ya watu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, Mdominiko kama Martin, aliona kwamba mtu anayezoea ukatili kwa mnyama yuko njiani kuwa mkatili kwa mwanadamu mwenzake.

Martin aliyashika mafundisho hayo kwa mikono yake. Mtazameni mpangilio wa nyumba ya Juana: walitangulia wagonjwa, wakafuata mbwa. Yatima walikuwa na makazi yao, maskini 160 walikuwa na sahani zao. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumshitaki kwamba anawapa mbwa mkate wa watoto. Bibi alikuwa na haki ya kutuuliza kwa sababu sisi tulikuwa tumeomba maziwa ya mbwa, na katika wiki zote zile hatukuwa tumesema neno lolote juu ya uji wa shule. Kosa letu lilikuwa hapo. Watoto wale wa mbwa hawakuwa na kosa.

Lakini kuna jambo jingine ambalo hata bibi mwenyewe alilijua vizuri kuliko sisi. Mbwa asiyetunzwa hurudi kudai kwa maskini. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara humwua, na karibu wote wanaopatwa nacho duniani huambukizwa na mbwa. Miongoni mwao wamo watoto wengi wa vijijini, wale wale wanaokwenda shule kwa miguu bila uji. Kumpa mbwa chanjo ni kumlinda mtoto huyo. Wataalamu wanasema mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Hapa huruma kwa mnyama na huruma kwa mtu zimefungwa kamba moja.

Tufanye nini masika hii

Hatuna haja ya kungoja jengo. Arusha na Zanzibar wapo watu waliofungua makazi ya mbwa na paka, na anayeweza kuwasaidia awasaidie. Huku kwetu tuanze na kilichopo mkononi.

Kwanza, mwenye mbwa au paka ampeleke kwa afisa mifugo wa kata apate chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kukubaliana siku moja na kumwalika afisa huyo, badala ya kila mtu kwenda peke yake. Pili, masika ni msimu wa kupe na viroboto. Mkague mnyama masikioni, shingoni na katikati ya vidole, na mpatie mahali pakavu pa kulala. Tatu, punda anayebeba maji na magunia atazamwe mgongo. Kamba iliyolowa mvua hukata ngozi upesi, na kidonda hakiponi mzigo ukiwa juu yake. Nne, asiyetaka watoto wa mbwa amwone mtaalamu wa mifugo kuhusu kumfunga mbwa wake uzazi. Kiroba si njia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na dhamiri ilikuwa imekataza kabla yake.

Tena, mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Asipake majani wala mafuta, na asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Mwisho wa safari yake

Martin aliugua homa kali mwaka 1639 na kufariki tarehe 3 Novemba, akikaribia kutimiza miaka 60. Mji mzima wa Lima ulikuja kumwaga, wakubwa wa serikali na wa Kanisa wakiwa pamoja na watumwa na maskini. Mtoto ambaye baba yake hakuandikwa katika kitabu cha ubatizo alikuwa amekuwa baba wa watu wasiohesabika. Papa Gregori wa 16 alimtangaza mwenye heri mwaka 1837. Papa Yohane wa 23 alimtangaza mtakatifu tarehe 6 Mei 1962, miezi mitano tu baada ya bendera ya Tanganyika kupandishwa. Papa huyohuyo ndiye aliyemfanya Laurean Rugambwa wa kwetu kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Martin ni msimamizi wa vinyozi, wa wahudumu wa afya na wa wote wanaodharauliwa kwa rangi yao.

Juana hakutangazwa mtakatifu, wala hana sanamu makanisani. Lakini tunaposoma habari za kaka yake tunaona kwamba huruma ya Martin ilihitaji chumba, na chumba kilikuwa cha Juana. Mapadre na mafrateri tunaweza kuhubiri na kuomba katika matangazo. Anayefungua mlango mara nyingi ni mlei, mama wa nyumba, ambaye atalazimika kufagia asubuhi baada ya mbwa aliyeletwa na mtu mwingine.

Mwaka huu tumerudi katika kigango kile. Mtoto mmoja wa mbwa alikufa wiki ya pili. Wawili wako hai kwa katekista, wameshachanjwa, na usiku wanalinda shamba lake dhidi ya nguruwe pori. Mke wa katekista ndiye aliyewalea, nasi mwaka jana hatukufikiria hata kumshukuru. Safari hii tulimshukuru. Yule bibi hakuchukua mbwa, na hajabadili maoni yake. Ila tuliambiwa kwamba kila jioni anamtuma mjukuu wake na ukoko wa ugali kwenye bakuli, awapelekee. Nasi tumeanza na lililo letu: tumezungumza na viongozi wa kigango juu ya debe la mahindi kutoka kila jumuiya kwa ajili ya uji wa shule, na Jumapili ijayo tutalitangaza kabla ya kutaja mbwa.

Mtakatifu Martin de Porres, utuombee.